Siku Kumi Kabla ya Damu

Nilikata migomba tisa ya mama mkwe wangu asubuhi ya Jumamosi moja, na mitano kati ya hiyo ilikuwa na mikungu ambayo haijakomaa. Nilitumia muhoro, ule mundu wa mpini mrefu tunaosafishia migomba huku kwetu Karagwe. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na ugomvi na mtu. Mama mkwe alikuwa ameniambia tu, kwa sauti yake ya kawaida, kwamba maharage niliyopika jana yake hayakuiva vizuri. Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Nikaweka chini sufuria niliyokuwa nikiisugua, nikaingia kibanjani nyuma ya nyumba, nikaanza kukata.

Huku Nyaishozi, kijijini kwa mume wangu, kibanja si shamba tu. Nyumba imekaa katikati ya migomba, na marehemu baba mkwe amezikwa humo humo, hatua chache kutoka jikoni. Mgomba wenye mkungu mchanga unaegemezwa nguzo ili usianguke kwa upepo. Mimi niliuangusha, nikaenda kwenye wa pili, na kila ulipoanguka kwa ule mlio wake wa maji nilihisi kifua kinapata nafasi kidogo. Nilipofika wa tisa mikono ilichoka. Nikageuka nikamwona mama mkwe amesimama pembeni ya kaburi la mumewe, kitenge kimemlegea kiunoni, mkono mdomoni.

Jumanne hedhi ikaanza. Kufikia saa nane mchana, nikiwa darasani nafundisha hesabu za sehemu, nilihisi kama mtu amenitoa gunia kichwani. Nikaona madirisha. Nikasikia watoto wanacheka na kicheko chao hakikunikwaruza. Ndipo aibu ikanishika, nikatoka nje nikatapika nyuma ya choo cha walimu.

Haikuwa mara ya kwanza. Ilianza nikiwa sekondari, kidato cha tatu, lakini wakati ule ilikuwa siku mbili tatu za kulia bwenini, na wasichana tulikuwa wengi tunaolia kwa sababu nyingi. Nilipomzaa binti yangu ikawa siku kumi. Siku kumi katika kila mwezi niliamka nikiwa na uzito ambao sikulala nao. Mshono wa sketi ulinichoma. Mume wangu akitafuna, nilisikia kila tonge. Nilisahau majina ya wanafunzi niliowafundisha miaka miwili. Chaki ikivunjika nililia, na machozi yakikauka ilikuja hasira, na hasira ikiisha ilibaki sauti moja tulivu ikiniambia kwamba nyumba hii, shule hii, na hata mtoto huyu wangekaa vizuri zaidi kama nisingekuwepo. Sauti hiyo ndiyo niliyoiogopa kuliko muhoro.

Kisha damu inakuja, na mimi narudi. Namwomba radhi kila mtu. Nafua, nadeki, nasahihisha madaftari mpaka ya mwezi uliopita. Nakuwa mke mzuri kwa wiki mbili na nusu, halafu inaanza upya.

Utaniuliza mwalimu mzima nilishindwaje kuhesabu. Nimejiuliza pia. Wanafunzi wangu walihesabu kabla yangu. Siku moja nikikaribia darasa nilimsikia msichana mmoja akiwaambia wenzake, "Nyamazeni, leo amekuja yule mwingine." Niliwachapa darasa zima. Sikumuuliza yule mwingine ni nani.

Wiki moja baada ya migomba, ukoo wa mume wangu ulikaa kikao. Baba mkubwa wake ndiye aliyekiongoza, mzee wa kanisa, mtu wa kuongea taratibu. Kahawa ya kutafuna ilipitishwa kwenye kikapu kidogo, na ilipofika kwangu nikarukwa. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa wa kwanza kusema.

"Huyu tulimpokea vizuri. Mwalimu, tukasema tumepata mtu. Kumbe elimu imempa jeuri. Anakata mikungu michanga juu ya kaburi la baba yetu!"

"Si juu ya kaburi, wifi," nilisema.

"Unasikia? Bado anajibu!"

Baba mkubwa aliinua kiganja. "Mwanangu," akaniambia, "tueleze. Ulikuwa na nini?"

Nilitaka kumweleza. Wakati huo nilikuwa mzima, siku ya tano tangu damu, akili yangu imetulia kabisa. Lakini nilikuwa na nini? Kama ningesema hasira, wangeuliza hasira ya nini. Maharage? Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, anachunguza kucha zake. Mtu huyu alikuwa amenishika mabega mara nyingi siku hizo kumi, alijua ninavyotetemeka. Ningeridhika hata kama angesema, "Mke wangu anaumwa." Alichunguza kucha mpaka kikao kikaisha.

"Sijui, baba," nilisema. "Naomba mnisamehe."

Mama mkwe akasema neno lake la kwanza. "Mtu asiyejua kwa nini anakata, kesho atakata nini?"

Waliamua kwamba ni pepo. Nilipangiwa maombi ya siku tano na mwinjilisti wa mtaa wetu, kwa kufunga, katika chumba kilichokuwa cha kuhifadhia maharage. Lakini mwinjilisti alikuwa na safari ya msiba upande wa Muleba, maombi yakasogezwa mbele karibu wiki tatu. Hivyo nikaingia kwenye maombi nikiwa katikati ya siku zangu mbaya, nikalia na kugaragara na kumtukana mwinjilisti kwa maneno ambayo hata sasa siwezi kuyaandika. Wakashangilia. Walisema pepo amejidhihirisha. Siku ya nne damu ikaja. Siku ya tano nikaamka mpole, macho meupe, nikaomba uji.

"Ameponywa!" mama mkwe alilia, akanikumbatia. Sijawahi kukumbatiwa vile katika nyumba ile, wala baadaye sikukumbatiwa tena.

Jumapili nilisimamishwa mbele ya usharika nitoe ushuhuda. Niliutoa. Niliuamini mwenyewe, ndilo linaloniuma. Nilisema Bwana amenifungua, kwaya ikaimba, watu wakanipa mkono nje ya kanisa. Mume wangu alitembea karibu yangu njia nzima kurudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alicheka.

Nilikuwa huru kwa siku kumi na saba.

Iliporudi, ilirudi na kitu cha ziada. Kabla ya hapo nilikuwa mgonjwa asiyejua ugonjwa wake. Sasa nilikuwa mtu aliyeponywa na Mungu akamkaribisha pepo tena kwa mikono yake. Ndivyo walivyosema, na ndivyo nilivyojiambia. Mwinjilisti aliacha kunisalimia. Mama mkwe alianza kupika mwenyewe na kuficha visu.

Alasiri moja binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alimwaga maziwa. Kikombe kimoja. Aliyamwaga juu ya mtihani niliokuwa nikitunga, akasimama pale amenitolea macho, akisubiri. Sikumpiga. Nilimwambia kwa sauti ya chini, neno moja moja, kama mtu anayesoma imla, "Natamani nisingekuzaa."

Hakulia. Alichukua kitambaa akaanza kufuta maziwa. Mume wangu alikuwa mlangoni.

Kesho yake alinipakia kwenye bodaboda mbili, moja yangu, nyingine yake na begi, akanirudisha nyumbani kwetu Mabira, wilaya ya Kyerwa. Mtoto alibaki. Sikubisha. Nilikuwa naamini kwamba kumwacha ndilo jambo jema pekee ninaloweza kumfanyia.

Mabira tulimkuta mama yangu peke yake, baba alikwisha kufariki. Mume wangu alimwamkia, "Shikamoo, mama," akamweleza mambo yote akiwa bado amesimama uani, akakataa kukaa, akakataa hata maji. Alipoondoka mama alinisogelea. Kisha akaniuliza, "Ni siku ngapi zimebaki damu ije?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Umesemaje, mama?"

"Damu. Zimebaki siku ngapi?"

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi. "Ulijua?"

"Nilijua nini? Mimi sikusoma." Aliokota begi langu. "Mimi zikifika siku hizo nilikuwa nakwenda shamba la mbali, kule bondeni. Nalima peke yangu mpaka jua lichwe. Ninyi mlikuwa mnasema mama anapenda kazi."

Tulisema hivyo kweli. Tulijisifia kwa majirani. Nikakumbuka pia siku ambazo hakwenda bondeni, siku za mvua, na baba akimpiga kwa sababu ya mdomo wake, na sisi watoto tukiwa upande wa baba kwa sababu kweli mdomo ulikuwa mbaya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba sisi ni wabaya? Nilifikiri labda wewe umepona. Ulikuwa msomi."

Nilimchukia kwa hilo. Nasema kweli. Miaka ishirini aliona mtoto wake anaelekea kwenye shimo lile lile alilotumbukia yeye, akanyamaza akitumaini kwamba cheti cha ualimu kitanivusha. Leo namwelewa zaidi, lakini kumwelewa hakujaniondolea uchungu wote.

Likizo niliyoomba shuleni ilipoisha nilirudi kazini. Nilipata uhamisho wa kwenda shule moja ya msingi katika kata ya Igurwa, nikapanga chumba jirani na shule. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa mama wa makamo, Mkatoliki, mkali. Mwezi wa kwanza alivumilia. Mwezi wa pili nilimpelekea barua ya pili ya kuacha kazi. Aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya kitabu cha mahudhurio.

"Madam, barua ya mwezi jana uliniletea tarehe kama hizi, ukaja kuichukua baada ya siku nne. Hii nayo nitaiweka siku nne. Lakini leo nenda zahanati."

Zahanati nilimkuta mganga, kijana wa kiume, mwenye haraka. Nilimweleza kila kitu, hata ile sauti. Aliandika huku nikiongea, nikafurahi kwamba anaandika. Kumbe alikuwa anaandika dawa ya maumivu.

"Mwalimu, hedhi ni hali ya kawaida. Wanawake wote wanapata."

"Wanawake wote wanatamani kufa kila mwezi?"

Akatabasamu, akitazama foleni mlangoni. "Una mtoto mmoja tu? Ongeza wa pili. Mara nyingi inatulia yenyewe."

Nilirudi na vidonge vyangu kwenye bahasha ndogo. Njiani niliapa sitamwambia mtu tena, nikakaa miezi mitano bila kumwambia mtu. Katika miezi hiyo kuna alasiri moja siwezi kuisimulia yote. Nilikuwa nimeamua. Kilichonizuia si imani wala upendo. Jirani alikuja kuomba chumvi, akakaa, akaongea kuhusu mbuzi wake kwa saa nzima, na alipoondoka nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nililala. Asubuhi damu ilikuwa imekuja. Nilikaa kitandani nikitazama ile shuka na kuelewa kwamba kama si mbuzi, ningekuwa nimekufa saa chache kabla ya kupona.

Hapo ndipo nilipokwenda hospitali. Sikwenda tena zahanati, nilipanda gari mpaka mjini Kayanga. Daktari aliyenipokea alikuwa mwanamke, mwenyeji wa Bukoba kwa lafudhi yake, miwani imeshuka puani. Nilimweleza kwa ufupi, kwa sauti ya mtu ambaye hatarajii kitu. Hakuandika. Aliniuliza, "Unafikiria kujiua?" Aliuliza wazi hivyo hivyo, kama anayeuliza kama nakohoa.

"Ndiyo."

"Leo?"

"Leo hapana. Leo ni siku ya pili ya damu."

Akavua miwani. "Rudia hilo la mwisho."

Nilirudia. Akanipima damu kuona kama nina upungufu, akapima na tezi ya shingo, akaniuliza kuhusu malaria, kuhusu ndoa, kuhusu kipigo. Halafu akanipa kazi ya nyumbani, mimi mwalimu. Kila jioni kwa miezi miwili niandike hali yangu: usingizi, hasira, machozi, ile sauti, kila kimoja nikipe alama kutoka sifuri hadi tano, na nioneshe siku za damu. "Usikisie mwisho wa mwezi. Andika siku hiyo hiyo. Na siku sauti ikizidi, hukai peke yako. Nani atakaa na wewe?"

Nikamtaja mwalimu mkuu. Yule mama alikubali bila kuuliza maswali. Siku zile mbaya alikuwa anakuja na kikapu cha ndizi za kumenya, anakaa mlangoni kwangu anamenya, haongei.

Miezi miwili baadaye daktari alifungua daftari langu juu ya meza. Hakuhitaji kunieleza kitu. Kurasa zilikuwa zinasema zenyewe: sifuri, sifuri, moja, sifuri, wiki mbili nzima, kisha tatu, nne, tano, tano, tano, kisha damu, na sifuri tena. Na mwezi wa pili vile vile. Nilijisikia kama mtu aliyeibiwa miaka mingi, kisha mwizi akapitishwa mbele yake mchana.

Aliutaja ugonjwa kwa jina refu la kitaalamu, kisha akaueleza kwa Kiswahili. Ni ugonjwa wa hisia unaofuata mzunguko wa hedhi. Si ule usumbufu mdogo ambao wanawake wengi wanaujua, wa matiti kuuma na hasira za hapa na pale. Huu unamvunja mtu.

"Kwa hiyo homoni zangu ni mbovu?"

"Hapana. Tukizipima zitaonekana sawa na za mwanamke yeyote. Shida ni ubongo wako unavyozipokea zinapobadilika, yai likishatoka. Wa mwenzako unaona mabadiliko yale unayapita. Wako unapata kishindo."

"Ni pepo?"

Sijui kwa nini niliuliza. Alinitazama, na naamini alitaka kucheka, ila hakucheka. "Mama yako mzazi yukoje?" akauliza. Nikamweleza habari za shamba la bondeni. Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Mara nyingi hutembea katika familia."

Alinianzishia dawa ya kundi lile lile wanalopewa watu wenye sonona. Alisema kwa ugonjwa huu wengine wanaimeza kila siku na wengine zile wiki mbili za mwisho tu, na kwamba kwangu, kwa sababu ya ile sauti, tuanze na kila siku. Alisema isiposaidia zipo njia nyingine, hata baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango huwafaa wengine, lakini tusizichanganye zote kwa pamoja. Nilale kwa saa maalumu. Nitembee kwa miguu kila siku. Siku kumi zile nisifanye uamuzi wowote mkubwa, nisiandike barua yoyote.

Wiki za kwanza nilipata kichefuchefu na mdomo mkavu. Hamu ya mwanamume iliniishia, ingawa hapakuwa na mwanamume wa kuisikitikia. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti kubwa. Mwezi wa pili siku zile zilifika nikazisubiri nikiwa nimekaa, mikono magotini. Nilikasirika. Niliumwa kiuno. Nilimfokea muuza nyanya. Lakini sauti haikuja. Siku ya nane, siku ya tisa, bado haikuja. Siku ya kumi damu ilianza, nami nikalia kwa uchungu wa kugundua kwamba ingewezekana kuwa hivi tangu mwanzo. Kidonge kimoja kidogo kila asubuhi. Ningekuwa bado na nyumba.

Nilijipa miezi sita ili niwe na uhakika. Kisha nikachukua daftari na barua ya daktari, nikaenda Nyaishozi.

Nilimkuta mama mkwe anaanika kahawa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuacha kutandaza. "Umekuja."

Kutoka jikoni alitoka mwanamke kijana, mjamzito, akasimama akifuta mikono. Hakuna aliyenitambulisha. Mume wangu aliitwa, baba mkubwa akaitwa, wifi alikuwepo tayari. Tukakaa sebuleni. Niliweka daftari mezani, nikawaonesha kurasa kama ninavyoonesha darasani, kwa kidole. Nikaeleza neno kwa neno alivyonieleza daktari. Baba mkubwa alisoma barua mara mbili, akairudisha kwa heshima.

Mume wangu ndiye aliyesema. "Kwa hiyo unataka tuamini kwamba ilikuwa ni hedhi."

"Ni ugonjwa. Una dawa. Miezi sita sasa nameza dawa."

"Dawa za vichaa," wifi alisema.

"Dawa za ugonjwa wangu."

"Wanawake wote hapa wana hedhi," mume wangu alisema, akionyesha sebule nzima kwa mkono, na yule mjamzito mlangoni akainamisha macho. "Mama yangu alikuwa nayo. Hakukata mgomba hata mmoja."

Nilimtazama mama mkwe. Kwa sekunde moja tu nilifikiri atasema kitu. Alikuwa amefungua daftari ukurasa wa zile tano, anapitisha kidole chake juu ya tarakimu, ingawa najua hajui kusoma. Akalifunga. "Migomba imechipua," alisema. "Hayo yamekwisha."

Nikaomba mwanangu. Baba mkubwa alisema mtoto ameanza kuzoea, asivurugwe. Nilikwenda ustawi wa jamii wilayani, nikapeleka barua ile ile, na baada ya kupelekwa huku na huko tuliandikishana kwamba atakuwa kwangu kila likizo. Hicho ndicho nilichopata. Neno la samahani sikulipata, si kwa mume, si kwa mwinjilisti, si kwa yule mganga wa zahanati ambaye hata hanikumbuki. Ushuhuda wangu wa kuponywa bado watu wanausimulia. Kuponywa kwenyewe hakuna anayetaka kukusikia.

Mwaka jana wifi alikuja Igurwa. Alishuka kwenye bodaboda amejifunika kichwa kama aliye msibani, akaingia chumbani kwangu bila hodi, akakaa kitandani. Binti yake wa kidato cha nne alikuwa amejaribu kujidhuru, mara ya pili.

"Ni kabla ya siku zake," alisema. "Mara zote mbili. Mimi ndiye nimehesabu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyaandaa kwa miaka. Nilimwandikia jina la daktari na siku anazokuwepo, nikamwambia aanze kuandika leo, asimwache binti peke yake. Alikunja karatasi akaitia ndani ya sidiria.

"Usimwambie mama," alisema.

"Kwa nini?"

"Atajua iko kwetu pia."

Akaondoka. Hakusema kitu kuhusu kikao, nami sikumsaidia kukisema. Binti yake anaendelea vizuri, nasikia kwa watu wengine.

Wangu sasa ana miaka kumi na mmoja. Likizo ya mwezi wa sita alikuja na begi lake, akanisalimia, akasimama mlangoni. Kila anapokuja hukaa kwanza pale mlangoni ananitazama usoni, muda mfupi tu, kabla ya kuingia. Anadhani sioni. Safari hii nilimkalisha nikamweleza yote, kwa maneno ya umri wake: mwili, ubongo, dawa, na kwamba siku zote ni mimi yule yule. Alisikiliza vizuri, ni mtoto mwenye akili. Nikamwambia yale maneno niliyomwambia siku ya maziwa hayakuwa kweli.

"Najua, mama," alisema. "Bibi alisema ni pepo."

"Haikuwa pepo."

"Sawa."

"Unaniamini?"

Alikuwa anakoboa maharage, akaendelea kukoboa, maganda upande huu, punje upande ule. "Lakini ulisema ni wewe yule yule," alisema, "siku zote. Si mtu mwingine."

"Ndiyo. Ni mimi."

"Basi ni wewe uliyesema."

Nikavuta kigoda nikakaa karibu yake, nikachukua ganda, nikaanza kukoboa. Hakusogea karibu, wala hakusogea mbali.